Nyumba kongwe ya mawe Lamu: dalili, chanzo na la kufanya kabla familia haijahamia

"Tumepaka rangi mara tatu na ukuta bado unatema." Maneno haya nimeyasikia kwa karibu kila familia iliyorithi au kununua nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani ikahamia kabla haijaijua. Mwaka wetu wa kwanza niliyasema mwenyewe. Nilikuwa na watoto watatu, mama mkwe mwenye pumu, na fundi aliyekuja kila wiki na mfuko mwingine wa simiti.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta zina unene wa karibu nusu mita. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti moja haivuki zaidi ya kama mita tatu. Waashi wa zamani hawakujenga kwa kuzuia maji yasiingie hata tone. Walijenga ukuta unaolowa masika ukakauka kaskazi, msimu mkavu wa upepo wa kaskazini-mashariki, mwaka baada ya mwaka. Nyumba huanza kuugua mtu anapoiziba njia ya kukaukia. Ndiyo maana katika karibu kila dalili iliyo hapa chini swali langu la kwanza ni moja: maji yanatoka wapi, na yamezuiwa wapi yasitoke?

Jambo moja kabla ya nyundo. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Kubomoa ukuta, kubadilisha dari au kutoboa dirisha jipya kunahitaji idhini, na mahali pa kuanzia ni ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya iliyoko mjini. Nenda mapema, kabla hujamlipa fundi chochote.

Plasta inapukutika na ukuta unatoa unga mweupe

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa zaidi. Huanzia chini, kiasi cha goti au kiuno. Rangi inavimba kama ngozi iliyoungua, kisha inadondoka, na nyuma yake kuna unga mweupe laini. Ule unga ni chumvi. Maji hupanda ndani ya jiwe yakiwa na chumvi. Yanapokauka, chumvi hubaki, hugeuka fuwele, na fuwele zinapokua husukuma plasta nje.

Chanzo cha kwanza kwa mbali ni plasta ya simiti juu ya jiwe la matumbawe. Simiti ni ngumu na haipitishi unyevu kama chokaa, kwa hiyo maji yaliyokuwa yakitoka taratibu sasa hujikusanya nyuma yake. Chanzo cha pili ni rangi ya mafuta au ya plastiki iliyopakwa juu ya chokaa nzuri, kosa lile lile kwa sura nyingine. Cha tatu ni bomba linalovuja, bafu lililowekwa baadaye ghorofani, au birika la zamani (tangi la maji lililojengwa nyumbani) lenye ufa. Kisha udongo na kifusi kilichorundikwa nje mpaka kikapita kimo cha sakafu ya ndani, au mtaro wa kichochoroni ulioziba. Mwisho kabisa, mchanga wa pwani uliotumika bila kusafishwa, ambao huingiza chumvi ukutani siku ile ile ya kupiga plasta.

Vipimo vya kuanza havigharimu kitu. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole: palipotengana na jiwe patalia kama debe tupu. Bandika kipande cha nailoni safi ukutani, ziba kingo zote kwa gundi ya utepe, uache mchana na usiku. Ukikuta matone upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, unyevu unatoka ukutani. Matone yakiwa nje, tatizo ni hewa ya chumba na madirisha yaliyofungwa. Kisha chora mstari wa penseli pale unyevu unapoishia, uandike tarehe, uangalie tena wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, na wakati wa maji mafu, inapojaa kidogo. Mstari ukipanda na kushuka na bahari, unajua unashindana na nini. Usipobadilika hata kidogo, fungia mfereji wa maji ya nyumba nzima siku mbili na uangalie tena; huenda ni bomba.

Tiba ni ya subira. Simiti iondolewe kwa patasi na nyundo ndogo. Mashine ya kutoboa hutikisa jiwe na kulivunja. Sisi tulipobandua kipande cha kwanza kwenye msana wa chini, kimojawapo cha vile vyumba virefu, kilitoka kizima, kikubwa kama sinia ya pilau, na jiwe la nyuma lilikuwa limelowa na jeusi kama limetolewa baharini asubuhi ile. Mwanangu wa pili alitia kidole na kikazama katika chokaa iliyogeuka tope. Mzee aliyetufanyia kazi, mwashi wa chokaa tangu ujana wake, alitaka kuacha pale pale. "Mwanangu, ukuta haupakwi ukiwa umerowa," aliniambia. "Ni kama kumvika mtoto nguo kabla hujamfuta maji." Tuliuacha uchi kaskazi nzima.

Ukuta unapokauka chumvi itatoka tena na tena. Ifagie kwa brashi kavu na uitupe nje. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Itakapopungua, piga plasta ya chokaa na mchanga usio na chumvi, tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikipewa siku zake. Chokaa hukaza kwa kuvuta hewa, polepole, na upepo wa kaskazi ukiikausha haraka itapasuka. Tundika magunia yaliyoloweshwa mbele yake. Umalizie kwa kupaka chokaa, si rangi ya mafuta. Na chokaa ni hatari kwa macho: vaa miwani ya kazi, watoto wakae mbali, na ikiruka jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa muda mrefu huku ukielekea hospitali.

Simama na umwite mtaalamu ikiwa mawe yenyewe yanamegeka mkononi, au udongo kati ya mawe unamwagika kama mchanga ukichokora. Na kama plasta inayodondoka ni ya zidaka (vishubaka vya ukutani) au nakshi za ukutani, usiguse hata kipande. Okota vilivyoanguka, vifunge kwenye kitambaa, mtafute fundi wa nakshi. Kipande kilichohifadhiwa kinaweza kurudishwa mahali pake.

Unga wa kahawia kitandani, dari imelegea

Mama mkwe ndiye aliyeona. Kila asubuhi alikuta kichuguu kidogo cha unga juu ya chandarua, pale pale, kikubwa kama kijiko cha sukari. Tulidhani ni vumbi la kuta. Ilikuwa ni boriti.

Chanzo cha kawaida ni wadudu wanaobungua miti. Lakini matundu peke yake hayatoshi kukutia hofu, kwa sababu yanaweza kuwa ya miaka mingi na wadudu walishakufa. Fagia, weka karatasi nyeupe chini, uiangalie kila asubuhi kwa wiki moja. Unga mpya maana yake wapo kazini. Chanzo cha pili ni mchwa, na hao wanajulikana kwa vijia vyao vya udongo vinavyopanda ukutani mpaka kwenye mti. Cha tatu ndicho kibaya zaidi kwa sababu hakionekani: ncha ya boriti iliyozama ukutani imeoza kutokana na paa au bafu linalovuja juu yake. Katikati mti unaweza kuwa mzima kama chuma, kumbe mwishoni umebaki unga.

Cha nne watu hukileta wenyewe. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, mbali na tangi lenyewe na kichanja chake. Boriti hazikuwekwa kwa ajili hiyo. Ongeza sakafu ya simiti iliyomwagwa juu ya sakafu ya chokaa ya zamani, na vigae juu ya simiti, upate picha ya mzigo unaolala juu ya vitanda vya watoto.

Kupima: vuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta chini ya boriti, uone katikati imeshuka kiasi gani, uandike. Rudia baada ya mwezi. Kisha chukua bisibisi nyembamba uchome boriti pale inapoingia ukutani, kwa mkono wa kawaida bila nyundo. Mti mzima hukataa. Mti uliooza humeza.

Matundu yenye unga mpya yanaweza kutibiwa kwa dawa ya mbao, chumba kikiwa kitupu na madirisha wazi, na asilale mtu humo mpaka harufu iishe, hasa mwenye pumu. Mchwa: vunja vijia, tafuta unyevu unaowavuta, ndipo uite mtu wa dawa. Boriti iliyooza hubadilishwa moja moja, dari ikiwa imeshikiliwa, na maji yaliyoiozesha yakiwa yamezuiwa kwanza. Boriti nunua kwa muuzaji mwenye kibali. Mikoko inalindwa, na ukataji wake unasimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS).

Hapa nasema kwa nguvu zangu zote. Bisibisi ikizama zaidi ya pingili moja ya kidole karibu na ukuta, au dari imeshuka tangu ulipopima, au unasikia mti ukilia usiku na vipande vikidondoka, hamisha watu kutoka chumba hicho na chumba kilicho juu yake siku hiyo hiyo. Tangi la juu limwagwe. Usisimamishe nguzo mwenyewe: nguzo hukusanya uzito wote mahali pamoja, na kama chini yake kuna dari nyingine, unaweza kuitoboa. Hiyo ni kazi ya fundi anayezijua nyumba hizi, au mhandisi.

Nyufa

Tunakumbuka methali ya ufa na ukuta, tunakimbilia kuuziba. Katika nyumba kongwe ufa huzibwa baada ya kujulikana umetoka wapi. Ukiuziba leo unaua shahidi wako.

Nyufa nyembamba kama uzi, zilizotapakaa kama ramani, mara nyingi ni plasta tu iliyokauka upesi. Ufa mmoja unaokwenda kwa mshazari kutoka pembe ya mlango au dirisha una maneno zaidi: kizingiti cha mti kimeoza ndani, au msingi umeshuka upande mmoja kwa sababu ya maji ya mtaro au shimo la choo lililo karibu. Mara nyingine ni mche wa mtini ulioota juu ya ukuta kwa mbegu iliyoletwa na ndege, mizizi yake ikipenya kwenye chokaa. Mche huo usiung'oe kwa nguvu, maana utatoka na mawe. Ukate, utibu kisiki, usubiri ufe, ndipo ukuta utengenezwe.

Ili kujua kama ufa unatembea, bandika tone la chokaa au jasi juu yake, andika tarehe, subiri masika moja na kaskazi moja. Tone likibaki zima, ziba kwa chokaa. Likipasuka, tafuta chanzo.

Nyumba za Mkomani zimeegemeana, na nyingine zinashiriki ukuta. Kwa hiyo kabla ya kuchimba au kubomoa, bisha hodi kwa jirani. Inawezekana ufa wako ulianza alipoondoa ukuta wake wa ndani, na inawezekana kazi yako ya kesho ndiyo itakayompasulia yeye. Ufa unaopitisha kalamu, unaopanuka kadiri unavyopanda juu, au unaoambatana na ukuta kutokeza tumbo nje, ni wa mtaalamu, na watu wasikae chini ya ukuta huo.

Maji ya kisima yamegeuka chumvi

Chini ya mchanga wa kisiwa, maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi. Vilima vya mchanga vya Shela, kijiji jirani na mji wa Lamu, ndivyo hazina kubwa ya maji hayo, na ndiyo sababu ujenzi juu yake huwapa watu wasiwasi. Kisima chako kinachota kwenye tabaka hilo la juu.

Mara nyingi kosa ni pampu. Kisima kilichochotwa kwa ndoo vizazi vitatu hakikuwahi kuchumvika. Ikawekwa pampu ya kujaza tangi kwa saa moja, na maji ya bahari yakavutwa juu. Chanzo kinachofuata ni msimu: mwisho wa kaskazi, kabla ya masika, tabaka la maji matamu huwa limepungua. Onja alfajiri kabla hajachota mtu, uonje tena baada ya pampu kufanya kazi. Tofauti ikiwa kubwa, pandisha mdomo wa bomba uwe karibu na uso wa maji na uchote kidogo kidogo kutwa nzima. Kinga pia maji ya mvua. Masika moja hujaza mengi.

Chumvi unaionja, lakini uchafu wa choo huuonji, na katika mji wenye visima na mashimo ya choo yaliyokaribiana ndio wa kuogopwa. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Kuchemsha hakuondoi chumvi, wala hakuondoi naitreti zinazotoka chooni. Kwa hiyo maji ya kisima kilicho karibu na shimo la choo yasitumike kumkorogea mtoto mchanga maziwa, hata yakichemshwa, mpaka yapimwe maabara. Waulize maafisa wa afya ya jamii wa kaunti pa kupeleka sampuli.

Na asishuke mtu kisimani wala ndani ya birika lililofunikwa kwa muda mrefu. Hewa ya humo inaweza kumwangusha mtu bila harufu yoyote, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Waachie wenye vifaa.

Paa linavuja

Kama ni makuti, panda mchana uwe chini yake: ukiona nuru ya jua, mvua itapita hapo. Makuti yaliyochakaa hubadilishwa, hakuna dawa nyingine. Mabati kwanza huvuja kwenye misumari, kisha kwenye kutu, na hewa ya chumvi huyala upesi. Paa la sakafu ya chokaa huvuja hasa pale mlizamu, mfereji wa kutolea maji ya mvua, ulipoziba kwa majani na maji yakasimama. Safisha mlizamu kabla ya masika na huenda ukawa umemaliza. Nyufa zake zizibwe kwa chokaa. Lami na simiti hufunika tundu hili na kupeleka maji upande mwingine, na miaka miwili baadaye unarudi kwenye habari ya boriti.

Ukigusa swichi unahisi mtetemo

Sehemu hii ni fupi makusudi. Ukuta unyevu, chumvi hewani, na nyaya zilizoongezwa na kila mpangaji bila kuondoa za zamani: hapo umeme wa volti 240 hupata njia za kupita. Unachoruhusiwa kufanya wewe ni kuzima swichi kuu, kuangalia kwa macho kama soketi zina kutu au alama za kuungua, na kuwaondoa watoto. Mtetemo hata mdogo, kwenye swichi, kwenye mfereji wa maji au ukutani, ni wa kumwita fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli nchini Kenya. Mwambie akague waya unaoshuka ardhini na aweke kifaa kinachokata umeme unapovuja. Fyuzi inayokatika kila mara isibadilishwe kwa kubwa zaidi.

Mlango wa nakshi haufungi

Umevimba kwa masika. Subiri. Usiruhusu randa iuguse, kwa sababu kaskazi utanywea na utabaki na pengo. Ikiwa hata ukavu haujausaidia, angalia kama kizingiti kimelala au mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, umepinda, na hapo mwite seremala wa nakshi.

Mbu hawaishi

Chanzo ni birika. Zamani walifuga samaki wadogo humo wa kula viluwiluwi, na njia hiyo bado inafanya kazi. Birika lisilotumika likaushwe au lifunikwe kwa wavu. Angalia pia mlizamu, ndoo za kipaani (juu ya paa) na tangi lisilo na kifuniko.

Samani hazipiti, na watoto wanapanda juu

Mji wa kale hauna njia ya gari. Mizigo huletwa kwa jahazi au boti, kisha kwa mkokoteni, punda na mabega ya watu. Kabla ya kusafirisha kabati pima kwa kamba kona ya ngazi, si upana wa mlango, kwani ni kwenye kona ndipo linakwama. Samani ziletwe vipande vipande zikaungwe ndani.

Ngazi hizi ni za mwinuko na giza, na ukuta wa kipaani mara nyingi humfika mtu mzima gotini. Weka kamba ya kushikia, taa, na mlango wa komeo mahali ngazi inapotokea juu, komeo liwe juu kuliko mkono wa mtoto. Na kama bado boriti hazijachomwa bisibisi, usiku wa kwanza laleni wote chini ya dari uliyokwisha kuikagua, hata kama ni chumba kimoja na magodoro yamegusana.